Uzi Mkononi mwa Mchochea Moto

SURA YA SABA

"Kama huji, sema huji, nijue moja!"

Kifundo alikuwa amechuchumaa kwenye tundu la ukutani, shavu lake limekaribia kugusa mkanda wa ngozi uliokuwa ukipita mbio kutoka upande wa pili. Tundu lenyewe halikuwa kubwa. Lilitobolewa ili mkanda utoke kwenye injini, upenye ukuta, uje kuzungusha mashine za kufumia zilizojaa ukumbini. Fundi aliyelitoboa hakuota hata siku moja kwamba watu wawili wangelitumia kupendana.

Upande wa pili alikuwapo Makaa, mchochea moto wa chumba cha boila. Kwa miezi minane Kifundo alikuwa akimwona mpenzi wake kwa vipande: jicho moja hapa, nusu ya mdomo pale, kidole chenye masizi kikijipenyeza chini ya mkanda kumpungia. Kumwona mwili mzima ilikuwa jioni tu, tena kwa mbali, watu wa moto wakitokea geti lao na watu wa uzi geti lao. Na bado alimpenda huyo wa vipande kuliko wanaume wazima wote waliowahi kuletwa nyumbani kwao.

"Kifundo, nisikilize," Makaa alisema.

"Nimekusikiliza tangu juzi. Leo nataka jibu."

"Sasa nikujibu nini?"

"Nijibu utakuwa wapi saa sita, Shangazi atakapotaka nimfunge uzi Mpaka Rangi. Mbele ya mashine yangu. Mbele ya watu wote!"

"Nitakuwa hapa. Nachochea moto."

"Unachochea moto!"

"Nisipochochea mashine zitasimama."

"Basi zisimame! Zikae chini kabisa zipumzike, na zenyewe zimechoka!"

Ieleweke kwanza. Katika kiwanda kile kila ukoo ulizaliwa na mkono wake. Ukoo wa kina Kifundo ulikuwa wa watu wa uzi. Uzi ukikatika kwenye mashine, mtu wa uzi huzishika ncha mbili, akazipulizia, akazinong'oneza maneno aliyofundishwa na shangazi yake, nazo zikaungana kama hazijawahi kuachana. Kifundo aliwashinda wote. Fundo lake ulilitafuta kwa macho na kwa ukucha usilione, ndiyo maana jina likamganda. Watu wa moto nao walikuwa na lao. Makaa aliokota kaa linalowaka kwa vidole vitupu, kama wewe unavyookota kifungo kilichoanguka, akalisemesha, likatulia. Shida ni kwamba moto ule haukukaa tanurini peke yake. Ulikaa ndani yake pia, na akipandwa na hasira au furaha, viganja vyake vilichoma.

Kwa hiyo sheria ilikuwa ile ile tangu mashine ya kwanza ilipofungwa. Mtu wa moto hakanyagi ukumbini, kuna vumbi la pamba. Mtu wa uzi hakanyagi kwenye boila, pumzi itamkauka. Habari ya kuoana ndiyo usiseme.

"Kifundo," Makaa alisema, sauti imeshuka, "juzi niliota nimekushika mkono. Mkono tu, sikuota zaidi ya hapo."

"Mh! Endelea."

"Nikaamka shuka limetoboka matundu mawili."

Kifundo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akaamua kukasirika, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mimi si shuka."

"Wewe ni zaidi ya shuka, ndiyo maana naogopa! Nikiingia humo, cheche moja tu ikidondoka kwenye hilo vumbi la pamba, nimewaua watu mia. Nikikufuata nyumbani, nitakuunguza wewe. Mpaka Rangi ni mtu mzuri. Hana makuu, hanywi, ana nyumba yake..."

"Ala! Kumbe na wewe umeshanitafutia mume? Si ungekwenda ukakaa kikao na Shangazi, mkamalizana, mkaniletea taarifa!"

"Sijasema nataka uolewe naye."

"Umesemaje sasa?"

Mkanda uliendelea kupita katikati yao, na kupitia mwanya mwembamba wa juu Kifundo aliliona jicho moja la Makaa. Lilikuwa limejaa maji. Moyo ulimsokota kwa jinsi alivyompenda mtu yule, na hapo hapo alitamani kumpiga kibao, ila mkono usingepita.

"Sikia, bwana wewe," alisema polepole. "Mimi nitakataa. Uje, usije, nitakataa. Wakinifukuza nyumbani nitakataa nikiwa nje. Ila nilitaka kujua kama nakataa peke yangu au tuko wawili. Basi. Sasa nimejua."

"Kifundo! Kifundo, subiri!"

Hakusubiri. Alijipangusa vumbi magotini, akarudi kwenye mashine yake akiwa amekaza mwendo na kukaza uso, na asubuhi ile nyuzi zilikatika kwenye mashine yake mara tatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

*

Saa sita kamili mashine zilisimama. Baada ya kelele za nusu siku, ukimya ule uliziba masikio zaidi ya kelele zenyewe. Kwa kawaida watu wangetoka nje kunyoosha migongo. Siku hiyo hakutoka mtu. Walisogea wote kwenye safu ya nne, wengine wakapanda juu ya masanduku ya bobini ili waone vizuri, maana sherehe ya kufunga uzi haipatikani kila siku, na sherehe yenye harufu ya ugomvi ndiyo adimu kabisa.

Shangazi alikuja mbele. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mgongo umenyooka, na ukoo mzima ulikuwa ukitembea kwa kumtazama yeye. Nyuma yake alifuata mama yake Kifundo, ameinamisha kichwa kama alivyozoea kila alipokuwa karibu na wifi yake. Na nyuma kabisa alisimama Mpaka Rangi, mgane wa makamo, mtia nyuzi rangi, mikono yake ya buluu mpaka viwikoni, amevaa shati jipya ambalo tayari lilikuwa limeshika buluu kwenye vifungo.

Baba yake Kifundo hakuja mbele. Yeye alikuwa nyapara wa ukumbi, na mahali pake palikuwa chini ya saa ya ukutani, penye kamba ya honi. Mzee yule hakuwahi kupiga honi kabla ya wakati wala baada ya wakati. Siku Kifundo alipozaliwa, habari zilimfikia akiwa pale pale. Alisema, "Vizuri," akatazama saa, akasubiri dakika nne zilizobaki, akapiga honi, ndipo akaenda kumwona mwanawe.

"Wote mnaijua desturi," Shangazi alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwenye mabati. "Msichana anatoa uzi kwenye mashine yake. Anaufunga mkononi mwa mwanamume kwa pumzi yake. Mwenye neno ana muda wa kulisema. Honi ya saa sita na nusu ikilia uzi ukiwa mkononi, wameshachumbiana, hakuna wa kutengua. Haya. Mwanangu, toa uzi."

Kifundo alisimama kando ya mashine yake, mikono nyuma.

"Sitoi."

Minong'ono ilipita ukumbini.

"Nimesema toa uzi."

"Nimekusikia, Shangazi. Na heshima yako naijua. Uzi sitoi."

"Mwanangu," mama alinong'ona, "usinitie aibu mbele za watu."

"Mama, aibu ni kumfunga mtu uzi huku moyo uko kwa mwingine. Namwonea huruma huyu mzee wa watu, atakaa na mimi nyumbani nikiangalia ukuta." Akamgeukia Mpaka Rangi. "Nisamehe. Huna ubaya wowote."

Mpaka Rangi alikohoa, akajikuna shingo, akaiacha shingo nayo ya buluu.

"Mimi nilikuja kwa sababu niliitwa," alisema. "Na shati nilishonewa tayari."

Watu waliangua kicheko. Shangazi alikizima kwa kukata jicho tu.

"Moyo uko kwa mwingine," alirudia, akitafuna kila neno. "Mtaje basi, tumsikie. Au unadhani hatujui? Kila siku shavu lako la kulia lina masizi! Unadhani ukumbi mzima ni vipofu?"

Kifundo alijishika shavu bila kutaka. Toba! Miezi minane ya kujificha, na shavu lilikuwa likimsema kila siku. Basi akaushusha mkono. Kama walijua, walijua.

"Ni Makaa," alisema. "Mchochea moto wa boila namba mbili. Nampenda, naye ananipenda, hata kama leo anaogopa kusema."

"Mtu wa moto!"

"Mtu wa moto."

"Unajua ulichonacho kwenye pumzi yako wewe? Unajua ni akina mama wangapi wameirithisha hiyo pumzi mpaka ikakufikia?" Sauti ya Shangazi ilianza kutetemeka, na hapo Kifundo akaona kwamba hasira ile ilikuwa na hofu ndani yake. "Mdogo wangu mimi, tumbo moja, alimfuata mtu wa moto. Leo hii hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Mkono wake umekufa!"

"Na yeye mwenyewe ana hali gani?"

"Hali gani nini?"

"Nauliza tu. Ana huzuni? Analia? Anajuta?"

"Anacheka ovyo kama mtoto," Shangazi alisema kwa uchungu. "Ndiyo maana siendi kwake. Furaha haifumi nguo!"

"Basi nitafanya kazi nyingine. Nitafagia. Nitabeba marobota. Nitapanga bobini. Ila Shangazi, nikuulize na mimi. Huu mvuke unaopita kwenye mabomba hapo juu kila asubuhi, ukatulainishia nyuzi zisikatike, unatoka wapi? Si kwa watu wa moto? Bila wao pumzi yangu na yako zingeunga nini, nyuzi kavu zinazokatika kama majani? Tunakula nao, tunafuma nao, tunaishi kwa jasho lao, ila wakitaka kutushika mkono tunawaambia hapana, mtatuunguza!"

"Sema, dada!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka juu ya masanduku.

"Nyamaza wewe!" Shangazi akamgeukia, kisha akamrudia Kifundo. Alikuwa amelipata jibu lake, na alilisema taratibu kwa sababu alijua litauma. "Maneno mazuri sana. Ila naona unayasema mwenyewe. Huyo mwanamume wako yuko wapi? Kama anakupenda kiasi hicho, mbona hayupo?"

Hilo lilimpata Kifundo barabara. Alipiga moyo konde, akafungua mdomo aseme kwamba atakwenda mwenyewe huko boila, pumzi ikauke ikitaka, atamwambia ana kwa ana kwamba yeye ni mwoga na kwamba anampenda hivyo hivyo na uoga wake.

Hakuwahi kusema. Mlango wa chuma wa mwisho wa ukumbi, ule ambao hakuna mtu wa moto aliyewahi kuupita, ulilia kwenye bawaba zake.

Makaa alisimama mlangoni akichuruzika maji. Maji yalimtoka kichwani, mashati yalikuwa yamemganda mwilini, viatu vilikuwa vinatoa povu. Mvuke ulimpanda mabegani.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," ilimtoka Shangazi kabla hajaweza kuizuia.

"Nimejimwagia pipa zima," Makaa alieleza watu kwa upole, kama mtu aliyechelewa kikaoni. "La maji ya akiba. Nimevaa na mashati manne, yote yameloa. Msiogope. Nikianza kukauka nitatoka mwenyewe."

Kifundo alimtazama. Kwa mara ya kwanza alimwona mzima karibu, bila mkanda katikati. Alikuwa mfupi kuliko alivyofikiri. Sikio moja lilikuwa limechomoza kuliko jingine. Alikuwa na kovu kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kumwambia habari zake. Alipendeza mpaka ilikuwa inakera.

"Umechelewa," Kifundo alisema.

"Nilikuwa natafuta mashati."

"Si ulisema huji?"

"Nilisema naogopa. Bado naogopa. Miguu inatetemeka, angalia." Akaja katikati ya safu, watu wakimpisha, kila hatua ikiacha dimbwi sakafuni. "Ila ulisema unataka kujua kama tuko wawili. Tuko wawili."

Machozi yalimtoka Kifundo palepale, mbele ya mama, mbele ya shangazi, mbele ya kiwanda kizima, na hakuyafuta. Aligeuka, akauvuta uzi mweupe kutoka kwenye mashine yake, akaukata kwa meno.

"Mkono," alisema.

"Kifundo, utaungua."

"Lete mkono!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika kumi na nane. Makaa alinyoosha mkono wake wenye maji. Kifundo aliushika kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai iliyomiminwa sasa hivi, mtu unaweza kukishika ukiamua. Aliamua. Akauzungusha uzi, akainama, akazipulizia ncha mbili na kuzinong'oneza. Uzi ukaungana.

"Salaale," mtu alisema. "Umeshika!"

Ulishika kwa dakika nne nzima. Watu walianza kutabasamu. Halafu mvuke mwembamba ukapanda kutoka kwenye kifundo cha mkono wa Makaa, uzi ukageuka rangi ya kahawia, ukawaka cheche ndogo, ukadondoka kwenye maji ya sakafuni. Wakati ule ule Kifundo alivuta mikono yake kifuani na kuuma meno. Uzi uliofungwa kwa pumzi yake ulikuwa ni sehemu yake. Ulipoungua, vidole vyake viliungua.

"Mmeona?" Shangazi alisema. Hakusema kwa kufurahi. "Mmeona wenyewe. Haya, yameisha. Mtoe huyu kijana nje kabla hajatuchoma wote."

Kifundo alikuwa ameshageuka. Alivuta uzi mwingine, akaukata kwa meno.

"Unafanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Nafunga uzi."

"Umeshaungua!"

"Ule umeungua. Huu bado. Mimi ni mfumaji, Shangazi, nyuzi ninazo."

Akaufunga wa pili. Ukakaa dakika mbili na nusu. Akafunga wa tatu. Makaa alikuwa akikauka, na kila mtu aliona: mvuke ulikuwa ukimtoka zaidi, maji yakipungua. Wa nne haukumaliza dakika moja. Ncha za vidole vya Kifundo zilikuwa zimevimba nyekundu.

"Acha," Makaa alimnong'oneza. "Mpenzi wangu, acha. Naona unavyoumia. Ukiwa hivyo moyo unanienda mbio, na moyo ukienda mbio ndiyo nazidi kuchoma."

"Basi utulize."

"Nitautulizaje na wewe umenishika hivi?"

"Fikiria kitu kingine. Mfikirie Shangazi."

Makaa akacheka, bahati mbaya, na uzi wa tano ukaungua kabla haujafungwa vizuri.

Hapo ndipo jambo lililoshangaza watu kuliko yote lilipotokea. Mama yake Kifundo, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kumpinga wifi yake hata kuhusu rangi ya pazia, aliinama, akainua ndoo ya maji ya kusafishia sakafu, akaja nayo kwa hatua fupi fupi na kummwagia Makaa yote kichwani, pamoja na vipande viwili vya matambara.

"Wifi!" Shangazi alipiga kelele. "Umerogwa?"

"Kijana alikuwa anakauka," mama alisema. Akaiweka ndoo chini. Halafu, kana kwamba amegundua sauti yake bado ipo, akaongeza, "Na huyu ni mtoto wangu, wifi. Nilimzaa mimi."

Kifundo alifunga wa sita, wa saba. Saa ilisogea. Watu waliacha kuzungumza kabisa. Wa nane, wa tisa. Mpaka Rangi alikuwa ameokota moja ya matambara, akawa anazifuta cheche kila zilipodondoka, shati jipya na yote. Wa kumi uliungua haraka mpaka hawakupata hata kuuona ukiwaka. Kifundo alikuwa akilia kwa maumivu sasa, waziwazi, huku akivuta uzi wa kumi na moja, na mdomo wake ulikuwa haujaacha kunong'ona.

Wa kumi na moja ukaungua. Ilibaki nusu dakika.

"Kaka!" Shangazi aliita, amegeukia kwenye saa. "Kaka, usipige honi! Subiri! Dakika moja tu, sikuombi zaidi. Ukisubiri dakika moja utaungua na huu anaoufunga sasa, na itakuwa imekwisha, na mwanao atakuwa amepona!"

Nyapara alikuwa ameishika kamba. Hakumtazama dada yake. Hakumtazama mwanawe wala mchochea moto aliyeloa. Alikuwa akitazama saa, kama alivyoitazama miaka yote, ila kidevu chake kilikuwa kikicheza.

"Dada," alisema, "sijawahi kuchelewesha honi hii kwa ajili ya mtu."

"Kaka, nakuomba!"

"Hata kwa ajili yake yeye sikuiwahisha. Siku aliyozaliwa."

Kifundo alizikutanisha ncha mbili za uzi wa kumi na mbili juu ya mkono wa Makaa. Vidole vilikataa kukunjika. Akazishika kwa midomo, akazipulizia kwa pumzi yote iliyokuwa imebaki kifuani, na uzi ukaungana.

Honi ikalia.

Ililia kwa urefu wake wote wa kawaida, si zaidi, si pungufu, na wakati wote huo uzi mweupe ulikuwa mkononi mwa Makaa, unatoa moshi, na upo. Honi iliponyamaza ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mtu aliyekuwa juu ya masanduku ya bobini alianguka nayo na hakujali.

Uzi wenyewe uliungua muda mfupi baadaye. Hakuna aliyeutazama.

Shangazi alikuja mpaka mbele ya Kifundo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeungua mara kumi na moja kabla ya honi," alisema. "Nimehesabu."

"Na mimi nimefunga mara kumi na mbili, Shangazi."

"Desturi haikukusudia hivyo."

"Desturi inataka uzi uwepo honi ikilia. Haikusema uzi gani."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Aliinua mikono ya Kifundo, akavitazama vile vidole vilivyovimba kwa muda mrefu, akavipulizia mara moja, kama mtu anavyompulizia mtoto aliyejigonga. Kisha akaiachia na kwenda zake akiwa amenyooka vile vile, bila kutoa baraka wala laana.

"Kazini!" nyapara aliita. Sauti yake ilikwama, akakohoa, akaanza upya. "Nimesema kazini! Na wewe mtu wa moto, boila haina mtu!"

"Ndiyo, mzee."

Watu walianza kutawanyika. Makaa alirudi nyuma hatua moja, maana shati la juu lilikuwa limekauka tayari na mabega yake yalikuwa yakitoa joto. Alivitazama vidole vya Kifundo, uso wake ukaingia giza.

"Kifundo, umefanikiwa leo. Lakini maisha si nusu saa. Kesho nitakuunguza tena. Na keshokutwa. Na siku utakayokuwa umechoka, na vidole hivi vimekataa kabisa, utafanya nini?"

Kifundo alikuwa ameshashika mpini wa mashine yake. Mikono ilimuuma mpaka viwikoni, uso ulikuwa na machozi, maji machafu na masizi, na kwa mara ya kwanza masizi yalikuwa kwenye mashavu yote mawili.

"Kesho," alisema, "lete mkono."

Akaiwasha mashine.